Mtaje Kupe Kabla Hujaulizwa

Mjamzito akishikwa na homa Masukulu, neno la kwanza kutajwa nyumbani ni malaria. Ni haki litajwe. Ukanda huu wa Rungwe unaoteremka kuelekea Kyela na ziwani una joto kuliko Tukuyu mjini, mbu wapo, na malaria kwa mjamzito ni hatari isiyohitaji kuongezewa chumvi. Kipimo chake kipo hata kwenye zahanati ndogo. Shida huanza pale kipimo kinapotoka hasi. Wengi hapo hupewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani, wengine hupitia duka la dawa na kununua chochote walichoshauriwa na jirani. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyeuliza, wala mama mwenyewe hakusema, kwamba wiki iliyopita alijitoa kupe kwenye nyonga baada ya kutoka kukata majani ya ng'ombe, au kwamba Jumamosi alikuwa msibani akiosha utumbo wa ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ileile.

Ninaandika kwa ajili ya nyumba hizo: za wajawazito wanaoishi na mifugo, waume zao, mama wakwe, na manesi wanaowapokea. Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote yanalitumikia hilo. Mama mjamzito mwenye homa ataje kupe, damu ya mnyama na nyama mbichi kabla hajaulizwa. Asisubiri swali, kwa sababu mara nyingi halitakuja.

Ugonjwa unaonifanya niseme hivyo ni homa ya kutokwa damu ya Krimea na Kongo, homa ya virusi inayoenezwa na kupe. Nianze na lisilo la kutisha: hakuna mlipuko wake uliotangazwa Rungwe, na mjamzito wa Masukulu mwenye homa leo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au homa nyingine ya kawaida. Lakini virusi vyenyewe si vigeni katika nchi zetu. Ugonjwa uliandikwa mara ya kwanza kwa askari wa Kisovieti huko Krimea mwaka 1944. Mwaka 1956 virusi vikapatikana kwenye damu ya mtoto mgonjwa huko Kongo, wakati huo ikiwa chini ya Ubelgiji, na baadaye ikathibitika kuwa ni kitu kimoja. Ndiyo maana jina lina sehemu mbili zilizo mbali hivyo. Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwaka 2000. Uganda imekuwa ikitangaza wagonjwa mara kwa mara tangu mwaka 2013, wengi wao wakitoka maeneo ya wafugaji. Hapa kwetu, watafiti waliopima damu kaskazini mwa nchi wamekuta kinga dhidi ya virusi hivi kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na watu. Kinga hiyo haipatikani bila kukutana navyo. Maana yake kuna Watanzania walioambukizwa, na kama waliugua, huenda homa yao iliitwa kwa jina lingine.

Rungwe ina bahati yake. Kupe anayebeba virusi hivi ni wa jamii ya Hyalomma, mwenye miguu mirefu yenye mistari myeupe kama pete, na hupenda nchi kavu. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Kupe wengi mnaowaona kwenye masikio ya ng'ombe wenu ni wale wa kahawia wanaoleta ndigana kali, na hao si wabebaji wakuu wa homa hii. Ila ng'ombe hutembea. Huletwa kutoka minada ya nchi kavu kwa ajili ya nyama, mahari na misiba, na huja na kupe wao. Ndege nao hubeba kupe wachanga. Kwa hiyo mwenye ng'ombe wawili wa maziwa bandani, wanaolishwa majani ya kukatwa na kuogeshwa kila wiki, yuko salama kuliko mwenye kununua ng'ombe mgeni leo na kumchinja kesho. Tofauti hiyo ni muhimu, na nitairudia nikifika kwenye misiba.

Jambo linalowapotosha wafugaji wengi ni kwamba ng'ombe mwenye virusi hivi haugui. Anakula, anacheua, maziwa yanatoka. Virusi hukaa kwenye damu yake kama wiki moja hivi, kisha mwili wake unavishinda, na mwenye ng'ombe hajui lililopita. Hekima yetu ya zamani ya kuogopa mzoga na kuamini mnyama mnene haitusaidii hapa. Mbuzi mzuri wa sherehe anaweza kuwa ndiye mwenye virusi. Mauritania, mwaka 2003, mwanamke kijana aliugua muda mfupi baada ya kuchinja mbuzi. Alipolazwa, watu 15 waliambukizwa katika hospitali hiyo na wengine 4 wa familia yake.

Binadamu huvipata kwa njia tatu: kuumwa na kupe; kumminya kupe kwa vidole hadi akapasuka; na damu au nyama mbichi ya mnyama, au majimaji ya mwili wa mtu mgonjwa, kugusa mchubuko, jicho au mdomo. Aliyeumwa na kupe kwa kawaida huanza kuugua ndani ya siku 1 hadi 3, na si zaidi ya 9. Aliyepata kwa damu huchukua siku 5 au 6, na huweza kufika 13. Shikeni hesabu ya wiki mbili. Homa inayokuja ndani ya wiki mbili baada ya kupe au machinjo ina jambo la kueleza. Ikija baada ya miezi miwili, tafuteni sababu nyingine.

Sasa mimba. Mwaka 2017 yalichapishwa mapitio ya visa vya wajawazito waliougua homa hii, yakiwemo matukio mapya ya Urusi, Kazakhstan na Uturuki. Dunia nzima, kwa miaka yote ya kumbukumbu, vilipatikana visa 42 tu. Kati ya 41 ambavyo mwisho wake ulijulikana, mama 14 walifariki, na watoto 24 walipotea, ama tumboni ama baada ya kuzaliwa. Waliotokwa damu ndio walioumia zaidi, wao na watoto wao. Ninajua takwimu hizi zinaelemea upande wa wagonjwa mahututi, kwa kuwa aliyeugua kidogo akapona nyumbani haandikwi popote. Hata tukizipunguza kwa sababu hiyo, zinabaki kubwa. Virusi vinaweza kuvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Na mwili wa mjamzito unaokaribia kujifungua una mahali pa kutokea damu nyingi kwa muda mfupi, wakati ugonjwa huu hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu na kuumiza ini linalosaidia kazi hiyohiyo.

Katika mapitio hayo kuna habari nyingine ambayo ningependa kila mkunga wa Rungwe aisikie. Wajawazito 6 waliambukiza watu 38 katika hospitali walizotibiwa. Chumba cha kuzalia kina damu na majimaji mengi, na mikono mingi inayofanya haraka. Kwa hiyo mama anayemwambia mkunga wake habari za kupe anajisaidia, na wakati huohuo anamwokoa mkunga na mama aliyelala kitanda cha jirani.

Nije kwenye misiba, maana hapo ndipo ninapoona hatari kubwa ya Masukulu, kuliko hata bandani.

Sisi sote tunajua msiba wa Kinyakyusa. Ng'ombe huchinjwa, wakati mwingine zaidi ya mmoja, na mara nyingi hununuliwa upesi kutoka popote anakopatikana. Wanaume huchinja na kuchuna, wanawake hupokea utumbo, nyama na damu, huosha, hukata, hupika. Mjamzito mwenye nguvu hawezi kukaa tu akitazama. Ataonekana mvivu, au ataonekana hajali marehemu. Basi atainama kwenye karai na wengine, mikono mitupu, na vidole vyake vina mikwaruzo ya kukata majani na kumenya ndizi. Ngozi ya ng'ombe imetandazwa pembeni na kupe wameanza kuiacha, kwa sababu kupe huacha mwili unaopoa na kutafuta wenye joto. Watoto wanacheza hapohapo.

Siombi mila iachwe. Ninaomba kazi zigawanywe upya kwa miezi tisa. Mjamzito apewe kumenya ndizi, kuchambua mchele, kusonga ugali, kupokea wageni, kulea watoto wa wenzake. Asiguse mnyama kuanzia anapoangushwa hadi nyama inapoingia kwenye sufuria inayochemka. Nyama iliyoiva haina shida kabisa. Virusi hivi havistahimili moto, na mjamzito anahitaji nyama. Ale ashibe. Mwenye kulipanga hili vizuri ni mama mkwe au mwanamke mkubwa anayesimamia jiko, kwa sababu neno lake halijadiliwi. Akisema mapema, mbele ya wote, kwamba wenye mimba wakae upande wa ndizi, hakuna atakayemnyooshea mtu kidole. Msichana aliyeolewa mwaka jana hawezi kujisemea, na wapo wenye mimba changa ambao hawajataka ijulikane. Kwao, kanuni ya jumla iliyotolewa na mkubwa ni stara pia.

Na wanaochinja nao wajilinde, kwa kuwa mume ndiye anayerudi nyumbani na nguo zenye damu. Glavu za mpira hazina bei kubwa. Asipozipata, basi avae shati la mikono mirefu, buti za mvua, asishike kisu kwa meno, na akimaliza anawe kwa sabuni na kubadili nguo kabla hajaingia ndani. Nguo hizo azifue mwenyewe. Ndiyo, mwenyewe. Ngozi ikunjwe na kuwekwa mbali na watu mapema, si kuachwa uani hadi jioni. Ng'ombe aliyenunuliwa mnadani ni vizuri aogeshwe dawa ya kupe na kukaa kwanza angalau wiki mbili kabla ya kuchinjwa. Msibani haiwezekani, najua, lakini kwa harusi, ubatizo au sikukuu inawezekana, na bwana mifugo wa kata atakusaidia kuchagua dawa na kukueleza siku za kusubiri kabla nyama haijaliwa.

Bandani habari ni fupi zaidi. Kunyunyizia dawa ya kupe si kazi ya mjamzito, kwa sababu ya kupe na kwa sababu ya dawa yenyewe. Kutoa kupe kwenye ng'ombe kwa mkono si kazi ya mtu yeyote, na hasa si ya watoto wanaowakusanya ili wawape kuku au kuwapasua kwa kucha kwa mchezo. Kumzalisha ng'ombe, kushika kondo lake au ndama wa mimba iliyotoka, mjamzito asikaribie kabisa. Huko kuna magonjwa mengine kadhaa yanayoharibu mimba. Kukamua anaweza akivaa glavu na kunawa, ingawa kama kuna mwingine wa kukamua, afadhali huyo mwingine. Maziwa yachemshwe hadi yafoke.

Kukata majani ndiyo kazi inayowaangukia wanawake wengi. Akilazimika kwenda, avae suruali chini ya kitenge, miguu ya suruali iingizwe ndani ya soksi au buti, na rangi ya nguo iwe ya kung'aa ili kupe aonekane akitembea. Mzigo usibebwe ukiwa umelalia shingo na mgongo usio na nguo ya kutosha. Akirudi, avue nguo zote nje ya chumba cha kulala, na mwili ukaguliwe: kwapani, chini ya matiti, kiunoni pale kamba ya sketi inapobana, kwenye nyonga, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Mimba ikishakuwa kubwa mama hawezi kujiona sehemu hizo. Mume, dada au wifi amkague. Jioni, kwenye mwanga wa kutosha, dakika chache. Dawa za kujipaka za kufukuza wadudu zenye kiambato kiitwacho DEET zinaruhusiwa kwa wajawazito zikitumika kama maelekezo yanavyosema.

Kupe akikutwa amenasa, tulia. Tumia kibano chembamba. Kisipokuwepo, funika vidole kwa kitambaa kigumu au karatasi. Mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta ya taa, usimminye tumbo; mambo hayo humfanya atapike ndani ya jeraha yale tunayoyaogopa. Osha kwa sabuni, paka spiriti. Kupe mtie kwenye kichupa chenye spiriti kidogo, kwani mtaalamu wa mifugo anaweza kumtambua ni wa jamii gani. Kisha chukua kadi ya kliniki, na nyuma yake au kwenye karatasi uliyoibana humo, andika tarehe na sehemu ya mwili. Siku ya msiba ulioshiriki machinjo, andika pia. Mama haendi hospitali bila kadi hiyo, na hata akifika akiwa hajitambui, kadi itamsemea.

Homa hii huanza ghafla. Mtu alikuwa mzima asubuhi, jioni anatetemeka. Kichwa, misuli, shingo na mgongo vinauma, macho hayataki mwanga, kisha kichefuchefu, kutapika, kuhara, maumivu ya tumbo. Baada ya siku mbili hadi nne anaweza kubadilika tabia, akachanganyikiwa, akawa mzito na mwenye usingizi. Ndipo huja vidoadoa vyekundu chini ya ngozi, michubuko mahali alipochomwa sindano, damu kwenye fizi, puani, kwenye mkojo au choo, na kwa mjamzito ukeni. Anayepona huanza kupata nafuu yapata siku ya tisa au ya kumi.

Tazama dalili za mwanzo zilivyo za kawaida. Hakuna mama wala nesi anayeweza kuitofautisha homa hii na malaria kwa kuitazama siku ya kwanza, na nisingependa yeyote ajaribu. Kipimo cha malaria kifanyike kwanza, na kikiwa chanya atibiwe malaria bila kuchelewa. Mwenye malaria naye aseme habari za kupe, kwani mtu anaweza kuwa na vitu viwili. Kikiwa hasi, hapo ndipo maneno ya mgonjwa yana uzito kuliko mashine yoyote iliyopo zahanati. Sentensi yenyewe si ndefu: “Nesi, nina mimba ya miezi sita, homa imenianza juzi, na wiki iliyopita nilijitoa kupe.” Au: “Nilishika nyama mbichi msibani.” Mume aliyemsindikiza aikumbuke sentensi hiyo pia.

Ikisemwa, inafungua milango zaidi ya mmoja. Mlango wa kwanza ni homa ya papasi. Papasi ni ndugu wa kupe, hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku na kurudi mafichoni. Homa yake huja, huondoka, kisha hurudi. Huko Sengerema madaktari walifuatilia wajawazito waliougua homa hii, na taarifa yao ya mwaka 1997 ilionyesha kwamba karibu nusu ya mimba hizo zilipotea. Hiki ndicho kinachoniumiza: homa ya papasi husababishwa na bakteria, ina dawa, na dawa hiyo ni ya bei nafuu. Vijidudu vyake huonekana kwenye darubini, kwenye tone lilelile la damu linalotazamwa kwa malaria. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kijikasha chenye mistari, hakiwezi kuvionyesha. Kwa hiyo kama homa inarudi na kipimo cha haraka ni hasi, omba kwa heshima damu itazamwe kwa darubini.

Mlango wa pili ni homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu na kwa damu ya wanyama. Sampuli za damu zilizokusanywa mkoa wa Mbeya mwaka 2007 na 2008 zilionyesha kwamba kando ya ziwa, huko Kyela, karibu watu 30 kwa kila 100 walikuwa wamewahi kuambukizwa. Huo ni mwendo mfupi tu kutoka Masukulu. Na kule Port Sudan watafiti walipowapima wajawazito wenye homa, 28 walikutwa na virusi hivyo na 15 kati yao mimba zilitoka. Kwa wenzao 102 wasio navyo, zilitoka 12. Kinga yake kwa mjamzito ni chandarua, pamoja na ileile ya kukaa mbali na damu na mimba zilizoharibika za mifugo.

Damu nayo isichukuliwe haraka kuwa ni hukumu. Mwaka 2022 huko Ruangwa mkoani Lindi watu walitokwa na damu puani na baadhi wakafariki. Kukawa na hofu kubwa, na uchunguzi ukaonyesha ni homa ya mgunda, ambayo ni ya bakteria. Mjamzito anayetokwa damu ukeni anaweza kuwa na kondo lililotangulia au lililoachia. Mwenye kichwa kuuma, maumivu chini ya mbavu za kulia na chembe sahani pungufu anaweza kuwa na kifafa cha mimba kinachokaribia. Yote hayo ni dharura, na yote yanatibiwa hospitali. Kukimbilia kumficha ndani kwa sababu jirani ametamka neno la kutisha kumewaua watu ambao wangepona.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali. Mjamzito mwenye homa isiyojulikana asichomwe sindano ya diklofenaki kwenye takio, asinunue aspirini wala ibuprofeni. Dawa hizo huongeza kutokwa damu, na sindano ya msuli kwa mtu ambaye damu yake haigandi huacha donge la damu ndani. Paracetamol kwa kipimo sahihi inatosha wakati akielekea kituoni. Anywe maji, uji, maji ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji. Antibaiotiki za kujinunulia huchafua picha kabla ya vipimo. Homa ya Krimea na Kongo yenyewe haina chanjo inayotumika hapa, na tiba yake kubwa ni uangalizi: maji ya mishipani, damu na chembe za kugandisha, kufuatilia figo na ini. Ipo dawa ya virusi iitwayo ribavirin ambayo madaktari wengine huitumia. Ushahidi wake haujakaa sawa, na kwa wanyama waliojaribiwa iliharibu vijusi, kwa hiyo kwa mjamzito huo ni uamuzi wa jopo la madaktari.

Nyumbani kuna kikwazo cha usafiri na cha ruhusa. Wapo wanaoshika bado mila ya mke kumwepuka baba mkwe, na mila hiyo ina heshima yake. Lakini kama baba mkwe ndiye mwenye fedha au pikipiki, basi homa ya usiku inaweza kusubiri hadi asubuhi kwa kukosa wa kumwambia. Kaeni mpange mimba ikiwa changa: nani atasema, kwa nani, na fedha zitoke wapi. Namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa bure kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure pia, kwa maswali na taarifa za magonjwa. Kutoka Masukulu rufaa ya kawaida huelekea hospitali ya wilaya ya Makandana, Tukuyu, na kesi nzito hupelekwa Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kitengo chake cha Meta cha wazazi. Anayepiga simu aseme mapema habari za kupe au damu, ili gari na wapokeaji wajiandae na glavu na miwani.

Wakati wa kusubiri gari, mmoja tu ndiye amhudumie mgonjwa, na asiwe mjamzito mwingine. Avae glavu. Matapishi na damu vimwagiwe dawa ya klorini kabla ya kufutwa. Mama huyo asizalishwe nyumbani kwa vyovyote. Mkunga wa jadi anayempenda na kumhurumia ndiye atakayekuwa wa kwanza kulipia huruma hiyo. Kwa manesi na wakunga wenzetu: mgonjwa akitaja kupe na ana homa, mtengeni pembeni kwa utu, vaeni kinga kamili kabla ya kuchoma sindano au kuzalisha, mpunguze upasuaji na uchunguzi wa ukeni usio wa lazima, na mwite timu ya wilaya. Msimwache mlangoni. Tangu mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 mafunzo ya kujikinga yamefika kwa watumishi wengi. Yatumike pia kwa mama aliyekuja na mimba na homa tu, bila jina la ugonjwa.

Akipona, kazi haijaisha. Mtoto aliyezaliwa na mama aliyekuwa mgonjwa apimwe na kuangaliwa kwa karibu, na suala la kunyonyesha katika siku za ugonjwa liamuliwe na daktari aliye na vipimo mkononi, si na ndugu. Kama aliyeugua ni mume, na mke ana mimba, watumie kondomu au waache tendo la ndoa hadi daktari aseme basi, kwa kuwa maambukizi kwa njia hiyo yamewahi kushukiwa. Mama aliyepoteza mimba akiwa na homa, hata kama damu ilikoma yenyewe na anaona amepata nafuu, arudi kliniki na kadi yake, na tarehe ya kupe isomwe pamoja na tarehe ya homa. Na mtaalamu wa mifugo wa kata aelezwe, ili aje aangalie banda, ng'ombe aliyeletwa mwisho alitoka mnada gani, na ng'ombe wa nani wengine walikuja na lori hilohilo.